Mshika Taa wa Tandika

Mwaka ule Temeke nzima iliogopa nyama ya ng'ombe. Redio zilitangaza kwamba ng'ombe wana homa na mtu akila nyama yao anatokwa damu puani, basi mabucha ya Tandika yakabaki na ndoano tupu, wauza nyama wamekaa mlangoni wanacheza drafti kwa vizibo vya soda kama watu waliofiwa. Wenye nacho walihamia kwenye kuku. Sie tusio nacho tulihamia kwenye kile ambacho wenye nacho hawakitaki katika huyo kuku: miguu, vichwa, shingo, na utumbo uliooshwa kwa ndimu na chumvi ukakaangwa mpaka unalia chini ya jino. Ukimuuliza mtu wa rika langu ulikuwa mwaka gani, hakutajii namba, anakwambia ule mwaka wa miguu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, ujana wa mwisho mwisho, meno yote mdomoni, na ndio mwaka nilioona wivu mpaka nikalala kitandani siku mbili na daktari hakuona malaria.

Nayaandika haya nikiwa ndani ya eda. Mume wangu, Fundi Bakari, amefariki mwaka huu, na eda ina miezi minne na siku kumi, na mwanamke aliyezoea kushika waya hawezi kukaa muda wote huo akiangalia ukuta. Mjukuu wangu Salma, binti wa mwanangu Zaina, yuko darasa la sita, ana mwandiko kama wa karani, ndiye aliyenipa daftari na ndiye anayenisahihisha herufi, maana mie shule niliishia la nne. Maneno haruhusiwi kuyagusa. Sasa siku ya arobaini nilikuwa nimekaa mkekani chumbani, wanawake wanaingia wananipa pole, wanatoka kwenda kula pilau uani, akaingia mama mmoja mrefu, miwani usoni, kitenge kimeshonwa na fundi anayejua kazi yake. Akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mpaka chini. "Shikamoo, dada Somoe." Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Nikaitika marahaba, na hapo hapo, mjane wa siku arobaini, nikasikia kile kitu, wivu ule wa mwaka wa miguu, kinarudi kama zamani. Nilidhani kilishakufa. Kumbe kilikuwa kimelala tu, na kilimtambua Neema haraka kuliko macho yangu.

Mwaka huo wa miguu tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya nyuma kwenye nyumba yenye ua mdogo. Jiko langu lilikuwa la mabati, limeegemea ukuta wa matofali ya matundu, na upande wa pili wa ukuta ndio gereji ya Bakari: turubai la bluu, benchi moja, na betri kuukuu zimepangwa kama mawe ya makaburini. Nikiwa nakoroga ugali nasikia kila linalosemwa kule, nani anamdanganya mteja na mteja gani anamdanganya fundi. Lakini sikuwa mtu wa kusikiliza tu. Bakari alikuwa fundi umeme wa magari, na fundi umeme anahitaji mikono mitatu. Alikuwa na taa ya kupimia, balbu ndogo iliyofungwa waya mbili, moja ina kibanio cha kung'ata bodi ya gari, ya pili ina sindano aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye spoki ya baiskeli. Unagusa waya kwa sindano. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, umeme umeishia njiani. Yeye kichwa kiko chini ya dashibodi, mie niko huku nje nimeshika taa. "Hapo?" "Inawaka." "Na hapo?" "Imekufa." Miaka sita, tangu afungue gereji ile, baina ya chapati za asubuhi na ugali wa mchana, maongezi yetu ya mume na mke yalikuwaga hayo, na mie niliyapenda. Umeme wenyewe sikujua ni kitu gani. Nilijua tu kwamba yeye haoni na mie naona, na nisiposema hawezi kusogea.

Halafu akaja Neema. Msichana wa miaka ishirini, wa Iringa, msalaba mdogo shingoni, anasoma chuo cha ufundi, akaletwa kwetu kufanya field miezi mitatu, na karatasi ambayo Bakari alitakiwa kuisaini kila wiki. Alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi, na daftari, na mita, kile kidude cha njano chenye kioo kinachoandika namba. Majirani walidhani wivu wangu ni wa mume, mmoja akanielekeza hadi kwa mganga. Wapi. Mwili wa Bakari sikuuogopea, nilichoogopea ni mdomo wake. Mtu aliyekaa na mie miaka sita akisema "hapo" na "na hapo", leo namsikia kupitia matundu anamwambia yule binti kwamba umeme ni kama mgeni wa harusi, hauingii mahali ambapo hauoni mlango wa kutokea. Anasema saa nzima. Anacheka. Anachora chini kwa kijiti. Nikasimama na mwiko mkononi, ugali unaungua, nikajiambia, kumbe huyu mwanamume ana maneno. Alikuwa nayo siku zote, na mie hajawahi kunipa hata moja.

Ndipo likaja gari la Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi alikuwa mama wa Mbezi Beach, mnene, mcheshi, mfuga kuku, na mwaka ule Mungu alimfungulia: kila bucha lililofunga lilimletea mteja bandani. Alinunua gari la Kijapani, jeupe, lenye mambo ambayo sie mtaani tulikuwa hatujayazoea. Kila tairi lina kitu kinachosikiliza linavyozunguka, kinaitwa sensa, nacho kinapeleka habari kwa waya hadi kwenye kisanduku cha kompyuta. Tairi moja likizunguka kuwazidi wenzake, kompyuta inasema hili linateleza, inapunguza nguvu za injini gari lisije likaserereka, na kwenye dashibodi inawaka taa yenye picha ya kigari kilichoacha nyuma mikia miwili kama nyoka. Sasa ya Bi Mwanaidi ilikuwa inawaka kwenye lami kavu, jua la saa saba, na gari linalegea kama limeshikwa shati. Akizima, akawasha tena, linapona. Akilileta kwetu halina ugonjwa. Bakari analizungusha mtaa mzima, halina ugonjwa. Bi Mwanaidi anakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, anasema gari likimwona fundi linajifanya zima kama mtoto mtukutu mbele ya mwalimu. Na kila alipoliacha alifanya walichofanya wenye magari wote siku hizo: anachomoa uso wa redio, ule ubao wa mbele wenye vitufe, anautia mkobani, asije mwizi akaona redio akatamani. Alichomoa hata mbele yetu sie tunaojuana. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya kwanza ya kulipima ndiyo niliyotoa kauli yangu juu ya taa. Bakari alifungua boneti, nikabana kibanio kwenye bodi, nikashika sindano, nikasubiri niambiwe hapo. Neema akasema kwa adabu, macho chini, kwamba waya za sensa hazipimwi kwa taa, balbu inavuta umeme mwingi, inaweza kuiunguza kompyuta. Hizo zinapimwa kwa mita. Bakari akakuna kidevu, akakubali. Akanigeukia bila kuniangalia. "Mama Zaina, mpe binti hiyo taa aiweke kwenye boksi, wewe katuangalizie chakula." Bi Mwanaidi yuko kwenye benchi anatazama. Neema kashanyoosha mkono, kiganja juu. Nikaivuta taa kifuani. "Taa hii siitoi. Nimeishika mie, itashikwa na mie." Bi Mwanaidi akacheka, akasema kumbe hapa kuna shoti nyingine ambayo mita haiioni. Nikaingia jikoni na taa yangu, nikaitundika kwenye msumari juu ya jiko, nikashika vitunguu.

Kupitia matundu niliwaona wakiunganisha vitundu viwili vya kisanduku kimoja kwa kipande cha waya, na ile taa ya kigari ikaanza kupepesa. Ilipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara nne. Mie pia nilihesabu, kwa kisu kwenye ubao. Neema akafungua daftari lake, akasema tatu na nne ni sensa ya tairi la nyuma kushoto. Hapo sina budi kusema kweli, alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa kuwa sahihi. Wakabadilisha sensa, wakaweka nyingine ya mtumba. Gari likaenda Mbezi Beach, kesho yake likarudi na taa ile ile. Wakapima waya kutoka tairi mpaka kwenye kompyuta. Mita ikasema waya ni mzima. Wakatingisha, wakavuta, wakamwagia maji. Mzima. Wiki ikakatika, na Bakari, ambaye Temeke nzima ilimwita daktari, akaanza kula kidogo.

Mchana mmoja niliwapelekea dagaa na ugali pale kwenye benchi, nikarudi jikoni kwangu. Nikamsikia Neema anamuuliza kwa nini hanifundishi, maana mie nasikia starta mbovu kabla yake. Bakari akajibu, mdomo umejaa: "Somoe? Somoe ni stendi ya taa. Stendi nzuri, haichoki." Nilisubiri Neema acheke. Angecheka ningempata, ningekuwa na haki ya kumwaga mchuzi wa moto kupitia matundu. Hakucheka. Na kutocheka kwake kulikuwa kwa kunihurumia mie. Jioni akaja jikoni na daftari lake, akasema dada, ukiwa na nafasi naweza kukuonyesha michoro, si migumu. Nikamwambia vyombo havijaoshwa. Leo nikiwa na miaka hamsini nalijua jina la kile nilichokataa. Siku ile niliona tu binti mdogo aliyepewa bure kitu ambacho mie nilikisubiri miaka sita, na sasa anataka kunikatia kipande kama mtu anayemkatia paka.

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanaidi alikuja kulichukua gari lake na ugonjwa wake, akaniambia mama Zaina, twende kwangu ukachukue ndoo ya miguu, leo tumechinja kuku wengi. Nikapanda mbele, upande wa kushoto. Alipokaa tu kwenye usukani akafungua mkoba, akatoa uso wa redio, akaupachika, tak, na taarabu ikaanza. Haikuwa taarabu ya kusikiliza, ilikuwa ya kutetemesha mbavu. Nyuma kwenye buti vijana wa muziki walikuwa wamemfungia spika mbili kama vinu vya kutwangia. Tulipita Buguruni vizuri. Mbele kidogo ngoma ikashuka kwa kishindo, dum, na ile taa ya kigari ikawaka, gari likalegea. Bi Mwanaidi akalaani, akaegesha pembeni, akazima, akawasha, taa ikatoka. Muziki ukarudi. Tukaenda. Ngoma ikashuka. Taa ikawaka.

Nikamwambia, "Bi Mwanaidi, hebu punguza." Akapunguza, tukafika Ubungo gari likiwa zima. "Sasa ongeza." Akaongeza, ngoma ikashuka, kigari hicho hapo. Akazima akawasha. "Punguza tena." Akaniuliza kama nimekuja kuchukua miguu ya kuku au kumfundisha kusikiliza taarabu. Nikamwambia napenda niusikie wimbo vizuri. Mara tatu nilimfanyia hivyo, na mara tatu ilikuja vile vile, hapo inawaka, hapo imekufa, ila safari hii hakuna kichwa cha mtu chini ya dashibodi kinachoniuliza. Nilikuwa najiuliza mwenyewe na kujijibu. Nikainama kama mtu anayefunga kiatu, nikapenyeza vidole chini ya zulia, pembeni ya mlango. Kulikuwa na waya mnene kama kidole unaopeleka umeme kwenye spika, na ubavuni mwake waya mbili nyembamba zimelala zimenyooka, zimeungwa na kuviringishwa utepe wa gundi. Na mie nilishaziona waya za sensa zile nyingine pale mbele: kiwandani zilisokotwa pamoja, kama utambi wa koroboi. Hizi zilikuwa zimenyooka. Sikujua kwa nini zinasokotwa. Nilijua kwamba huyu ndiye mgonjwa, na kwamba kwetu gari halikuugua kwa sababu lilipimwa siku zote bila uso wa redio, bila ngoma. Sijawahi kula kitu kitamu kama furaha ile. Nilicheka peke yangu, Bi Mwanaidi akaniangalia pembeni.

Nilirudi Tandika na ndoo kichwani na neno mdomoni. Nikapita uchochoro, nikafika kwenye kona ya turubai, nikawakuta. Vichwa viwili juu ya daftari moja. Neema anasema, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, kwamba sensa imeshabadilishwa, waya mita inasema ni mzima, basi kilichobaki ni kompyuta, kompyuta imekufa. Na Bakari, mume wangu, anamwangalia kama mtu anayesikiliza khutba, anasema, "Ukishasema wewe, binti, imekwisha." Ningesema pale. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikapita, nikaingia jikoni, nikachemsha maji, nikamwagia miguu ya kuku, nikakaa kwenye kigoda naichuna ile ngozi ya njano, mguu mmoja baada ya mwingine, ndoo nzima, nasikiliza wanavyopanga kuitafuta kompyuta. Nilijua itanunuliwa bure. Nilijua taa itarudi. Nilitaka irudi mikononi mwake yeye. Watu wengine huwa wanasema shetani aliwapitia. Mie hakunipitia mtu. Nilikaa pale na akili zangu timamu, nachuna miguu.

Kompyuta nyingine ilinunuliwa, ikafungwa. Siku ya pili yake Bi Mwanaidi alikuwa anakata makutano ya Mwenge, ngoma ikashuka, gari likaishiwa nguvu katikati ya barabara, lori la mchanga likasimama umbali wa mkono kutoka mlangoni kwake. Hakufa mtu. Nimelishukuru hilo kila siku, maana ningekuwa mie ndiye niliyemuua. Alikuja gereji moja kwa moja, Bakari yuko msikitini, mie niko bombani, akamkuta Neema peke yake, akamtolea yote aliyokuwa nayo. Niliporudi na ndoo ya maji, Bi Mwanaidi alikuwa ameshaondoka. Bakari alipotoka msikitini na kusikia, jina lake likiwa limeshatajwa vibaya mpaka barabarani, alifanya kitu cha kiume cha kawaida, alikaa upande wa mteja. Alimwambia Neema ni heri akamalizie field mahali pengine. Karatasi ilibaki na wiki tatu bila saini.

Alikuja kuniaga jikoni. Nilikuwa nimepika mihogo ya nazi na shingo za kuku, nikampa sahani, maana mtu haondoki kwangu na njaa hata nikiwa namchukia. Akakaa kwenye kigoda changu, ovaroli imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, taa yangu inaning'inia juu ya kichwa chake. Alikula polepole sana. Alikula kama mtu anayengoja basi. Sahani ikakaribia kwisha, akainua macho akaniuliza, "Dada, wewe unadhani ni nini?" Nikamwambia, "Mie stendi ya taa. Nitajuaje?" Akamaliza kipande cha mwisho, akaosha sahani mwenyewe, akaifuta, akaipachika kwenye kichanja. Akapiga goti, akaondoka. Usiku ule ndio nikaanza ile homa isiyoonekana kwenye kipimo.

Siku ya tatu nikaamka. Bi Mwanaidi alikuja kudai haki yake, na alipotaka kuchomoa uso wa redio nikamshika mkono, nikamwambia leo uuache. Nikamkalisha Bakari kwenye kiti nilichokalia mie, nikamwambia mwenye gari azunguke mtaa, punguza, ongeza, punguza. Bakari aliiona kwa macho yake, kwa mara ya kwanza, taa ya kigari ikiwaka gari linatembea, akawa kama ameona jini. Nikafunua zulia. Vijana wa muziki, walipopitisha ule waya wao mnene, walizikata waya za sensa, wakaunga kipande cha waya wa spika kilichonyooka, wakafunika. Bakari akauhamisha ule mnene kwenda upande wa kulia. Hizi mbili nikazisokota mie, kwa vidole vyangu hivi, zamu moja baada ya nyingine kama utambi, na wakati nasokota, yeye amepiga magoti kwenye vumbi pembeni yangu, akaanza kusema. Akasema waya mbili zikisokotwa, kelele zinazoingia kwenye mmoja zinaingia pia kwenye mwenzake, na kompyuta inasikiliza tofauti yao tu, kwa hiyo kelele zinafutana. Alieleza mpaka mwisho. Lilikuwa ni neno la kwanza la kazi nililopewa na mume wangu, na nililipokea nikijua nimelinyang'anya kutoka kwa nani. Gari lilienda na taarabu yake hadi Mbezi Beach, na taa haikuwaka tena.

Bakari alifuta mikono, akaniuliza, "Umejua lini?" Nikamjibu, "Leo." Akasema, "Haya." Hakuniuliza tena mpaka nimemfunga sanda. Kuanzia wiki ile alinifundisha kila kitu, na mie nilijifunza kama mtu mwenye njaa, na mita niliinunua, na michoro nikaisoma kwa kidole, na kuanzia Tandika mpaka Mbagala ukiuliza Mama Taa unaletwa kwangu. Najivuna, sioni haya. Nimesomesha watoto kwa waya. Lakini nilifika huko kwa kupanda mgongo wa mtu. Neema hakupata field nyingine mwaka ule. Nilisikia baadaye kwamba alirudia mwaka mzima chuoni. Wenzangu walikula miguu ya kuku. Mie nilikula mwaka wa mtu.

Basi siku ya arobaini, wengine walipotoka, Neema alibaki mkekani na sahani ya pilau, pilau ya nyama ya ng'ombe, siku hizi nani anakumbuka. Alinieleza ana gereji Madale, kubwa, anafundisha wasichana, mashine zake zinaongea na gari bila hata kufungua boneti. Anazungumza taratibu, mikono haina makovu. Nilimsikiliza mpaka nikaona nisiposema sasa nitasema kaburini. Nikamwambia, "Neema, nilijua. Kabla ya ile kompyuta, nilijua." Akaweka kijiko chini. "Najua, dada. Bi Mwanaidi siku ile ananifokea alisema hata mke wa fundi wako amenisumbua njia nzima, punguza, ongeza. Nikaelewa pale pale." Nikamuuliza sasa kwa nini hakumwambia Bakari, ajiokoe. Akasema, "Ilikuwa yako. Wewe ndiye uliyeiona. Nilikaa jikoni kwako nikila ile mihogo, nikisubiri uiseme."

Mtu mwingine angelia. Mie pia nililia, sitaficha, nikamshika mikono nikamwomba radhi, naye akasema yameisha, dada, zamani sana. Lakini humo humo kwenye machozi nilikuwa namwonea wivu. Hata uzuri wa moyo alikuwa nao yeye, na alikuwa nao akiwa na miaka ishirini, bure, kama vile maneno ya Bakari.

Akafuta miwani. Macho yake yakapanda ukutani, kwenye msumari, juu ya kitanda, taa ilipotundikwa. Balbu imebadilishwa mara ngapi sijui, lakini spoki ni ile ile. Akasema ana ombi moja. Anataka aichukue akaiweke ndani ya kioo pale gereji kwake, wasichana wake waone sie tulianzia wapi, na chini yake ataandika jina la Fundi Bakari, na langu pia. Hakuna anayeitumia tena, dada, akasema, na ni kweli, hata mie siitumii. Salma alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa, ananiangalia. Nilijua ninachodaiwa. Ningempa kanga zangu zote, ningempa radhi mara ya pili na ya tatu. Niliinuka, nikaitungua kutoka kwenye msumari, nikaizungushia waya zake, ikakaa kwenye kiganja changu nyepesi kama yai. Neema akanyoosha mkono, kiganja juu, vile vile kama siku ya kwanza.

"Taa hii siitoi. Nimeishika mie, itashikwa na mie."